Aliyejua Kila Faili Ni ya Nani

Barua ilikuwa na mistari minne, na nafasi ya sahihi yangu ilikuwa chini ya sahihi ya Mwenyekiti. Ilisema kwamba mimi, Katibu wa chama, nimeona kwa macho yangu jina la fundi wetu wa kompyuta kwenye faili ya siri iliyotolewa nje. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Jina nilikuwa nimeliona. Lakini nilijua pia kitu ambacho barua haikusema, na kama ningekataa kutia sahihi mpaka kiandikwe, mambo mengi yangekuwa tofauti leo. Sikukataa. Nilitia sahihi, nikairudisha kalamu mfukoni, nikamaliza chai yangu.

Huyo fundi ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake sitaliandika. Limeshatajwa vya kutosha na watu wasiomjua, na mimi ndiye niliyewapa sababu. Sisi tulimwita Fundi tu, na aliipenda hiyo kuliko Injinia, ambayo madereva walimwita kwa kumchokoza.

Chama chetu kiliwasaidia wajane wenye kesi za ardhi. Tulikuwa na ofisi mbili, moja Homa Bay na nyingine Migori. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuandika ushahidi wa wazee kabla hawajafa: nani alipanda mimea ya mpaka, nani alikuwepo shamba lilipogawanywa, nani alisikia marehemu akisema nini. Ushahidi huo ulihifadhiwa kwenye kompyuta na ulikuwa siri mpaka siku ya kesi, kwa sababu shemeji wa mjane akijua mapema shahidi ni nani, humfuata nyumbani. Fundi ndiye aliyeilinda siri hiyo. Mimi nina elimu ya kidato cha nne na kompyuta nilijifunza uzeeni. Kila nitakachosema hapa kuhusu mashine alinifundisha yeye.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alifuta kibodi kwa kitambaa cha mfukoni kabla ya kuigusa, hata kama aliyeitumia mwisho ni yeye mwenyewe. Hakupenda kuharakishwa. Ukimwita kwa simu mara mbili kwa jambo moja, alikuja kwa miguu badala ya pikipiki, makusudi. Kanisani aliimba vibaya, na alijua, na aliendelea kuimba. Ukimweleza tatizo la mashine, alikukatiza hapohapo.

"Usiniambie unavyodhani. Niambie kioo kimeandika nini."

Ukali wake sikuusifu hata siku moja. Mchapaji wetu mmoja alilia mbele yake kwa sababu alikuwa ameandika neno lake la siri kwenye karatasi na kulibandika ukutani. Fundi alilisoma kwa sauti mbele ya wageni, kisha akaketi kumbadilishia. Hakumwomba radhi. Nilipomwambia amezidi, alijibu kwamba machozi yamekauka lakini lile neno lingebaki ukutani mwaka mzima.

Jambo ambalo watu hawakulielewa ni namna alivyoishi kwake. Nyumba yake ilifungwa kwa kamba. Majirani waliingia wakachukua panga, jembe, hata viatu vyake vya mvua, na walivirudisha walipopenda. Siku moja nilimkuta anavuka matope na kandambili huku jirani yake amevaa hivyo viatu anachunga ng'ombe kando ya barabara.

"Wewe ambaye hutaki mtu aguse faili isiyo yake," nikamwambia, "mbona vyako vinatembea hivi?"

"Vyangu nimeamua mimi," alisema. "Vya watu sijaulizwa."

Tulikuwa na mashine moja kubwa katika kila ofisi. Kila mfanyakazi alikuwa na jina lake la kuingilia, lakini Fundi alituambia mashine haijali majina. Ndani yake kila mtu ni namba, na namba ilitolewa kwa kufuata nani alisajiliwa kwanza. Faili ukiiandika inabeba namba yako, basi. Jina tunaloliona kwenye kioo linatafutwa na mashine kwenye orodha yake wakati huo huo tunapotazama. "Jina ni adabu tu," alikuwa akisema. "Mashine haina adabu."

Homa Bay mimi nilikuwa elfu moja na tatu. Aliniita hivyo kwa mzaha: "Elfu moja na tatu, umekunywa chai?" Nami nilikuwa namwita Fundi bila namba, kwa sababu yeye alikuwa na namba moja Homa Bay na nyingine Migori. Mashine ya Migori ilikuwa imesajili watu kwa mpangilio wake. Kule mimi nilikuwa elfu moja na tisa, na elfu moja na tatu alikuwa Fundi mwenyewe.

Kila Ijumaa diski moja ilisafirishwa kutoka Homa Bay hadi Migori kwa gari la ofisi, ikiwa na kazi ya wiki. Mara ya kwanza ilipofika, kabla Fundi hajazoea, dereva aliyekuwa anatafuta barua yake ya likizo alijikuta anasoma ushahidi wa mjane. Kule Homa Bay ushahidi ulisomwa na kundi la wasikilizaji tu, wale akina mama watatu walioandika maneno ya mashahidi, na mimi kama Katibu. Lakini kundi nalo ni namba, na namba ile ile Migori ilikuwa ya kundi la usafiri. Mashine ilimfungulia dereva kwa moyo mmoja. Hakuna aliyekuwa amevunja kufuli lolote.

Wiki iliyofuata Fundi alikuja Migori na katoni ya vikombe. Vilikuwa vikombe vyetu vya Homa Bay, kila kimoja amekibandika utepe wenye namba ya mwenyewe. Vya Migori navyo alikuwa ameshavibandika. Akavichanganya mezani.

"Mpishi, mimina chai. Kila mtu achukue namba yake."

"Fundi, kikombe ni kikombe," mpishi alisema. "Kunyweni chai, maandazi yanapoa."

"Wewe mimina tu."

Nikanyoosha mkono kwenye elfu moja na tatu, naye akanyoosha kwenye hicho hicho, tukagongana. Watu wakacheka.

"Huyu Katibu ananinywea chai yangu!" akapaza sauti. "Na si mwizi. Kwao hii ni yake. Sasa mwizi ni nani hapa?"

"Ni wewe uliyeleta vikombe," mpishi alimjibu, na tukacheka zaidi.

Baada ya hapo akachora kile alichokiita ramani, karatasi yenye safu mbili, namba za Homa Bay kushoto na za Migori kulia, za watu juu na za makundi chini. Diski ilipofika Migori hakuichomeka tu. Aliipachika, ndilo neno lake, yaani aliiambia mashine iikubali diski ile kama sehemu ya mwili wake, na hapo hapo akaipa ramani: elfu moja na tatu ya kule isome kama elfu moja na tisa hapa, na kundi hili la kule isome kama kundi lile. Kilichokuwa changu kikatokea kuwa changu. Akiwa hayupo, diski ilimsubiri. Aliniomba siku mbili tufunge ofisi zote mbili ili kila mtu apewe namba moja ya kudumu pande zote, ramani isihitajike tena. Aliniomba mara tatu. Mara zote tatu nilimwambia mwezi ujao.

Nilifuatana naye mara moja kwenda kisiwani Rusinga kumwandika mama mmoja mjane. Fundi alivuka daraja kutoka Mbita juu ya pikipiki akiwa ameikumbatia kompyuta kifuani kwa mikono miwili. Yule mama alikuwa na mstari wa mikonge ya mpaka kwenye shamba lake, uliopandwa na marehemu mumewe pamoja na jirani mmoja ambaye bado alikuwa hai. Shemeji zake walikuwa wanadai mikonge ile ni ya juzi. Mama alikubali kusema kila kitu, ila alipofika kwenye jina la huyo jirani aliitazama ile kompyuta.

"Hii itamwambia nani?"

Mimi nilianza kueleza sheria za chama. Fundi akaniwekea mkono gotini.

"Itamwambia uliyemruhusu, mama. Mwingine akiuliza, itamkatalia. Mimi ndiye ninayeiambia."

Mama akataja jina. Njiani kurudi, tulipofika Mbita, Fundi akaniambia, "Umeona? Ameniamini mimi, hakuiamini mashine." Hakuonekana kufurahi.

Katika ofisi zetu kulikuwa na kanuni kwamba kazi za nyumbani hazifanywi kwenye mashine zile. Fundi aliishika mpaka ikamletea maneno. Mjomba wake alipofariki, ndugu walimtaka achape ratiba ya mazishi ofisini. Alikataa. Alikwenda mjini akachapishiwa kwenye kibanda, akabeba karatasi mwenyewe hadi matangani. Shangazi yake alimsema mbele ya watu: "Huyu amezaliwa na watu kweli, au na hizo waya zake?" Mimi nilikuwepo. Alijibu tu kwamba karatasi si zimefika.

Mimi nilikuwa mtu wa kutaka kupendwa. Binamu yangu alikuja Homa Bay siku ya Alhamisi, mchana.

"Omera, ndugu yangu Katibu, mazishi ni Jumamosi na hatuna hata ratiba. Nipe hiyo mashine yako saa moja tu."

Nani kwetu anakataa ratiba ya mazishi? Nilimfungulia kwa jina langu na neno langu la siri, nikamwambia aiweke kwenye ile diski ya safari ili asichafue mashine, nikaenda kula samaki. Binamu huyo alikuwa ameoa katika boma la shemeji za yule mama wa Rusinga. Nililijua hilo. Siku ile nilikumbuka, nikaona aibu kulisema, kama vile nitakuwa nimemtukana mkewe.

Jioni nilifuta ratiba ile kwenye diski ili Fundi asiione. Kando yake kulikuwa na faili nyingine. Niliiona. Nikadhani ni kazi ya wiki.

Mwezi haukuisha. Tulipopeleka watu kupima shamba, mikonge yote ilikuwa imeng'olewa na mashimo yamefukiwa. Yule jirani aliyeipanda alisema hakumbuki kupanda kitu, na mkewe akatuomba tusirudi. Mahakamani wakili wa upande wa pili alikuwa na ushahidi wa yule mama umechapwa, neno kwa neno. Mama alishindwa.

Mwenyekiti alituita wote Migori. Fundi alikuja akitoka Homa Bay nami, gari moja, na njia nzima alikuwa anarudia kwamba kuna mtu amemfanya yeye mwongo mbele ya yule mama. Tulipofika, diski ilikuwa imeshachomekwa. Mchapaji wa Migori ndiye aliyefanya hivyo kwa amri ya Mwenyekiti, bila ramani, kwa kuwa hakujua kuna ramani. Ilikuwepo nakala ya ushahidi ule, mahali ambapo haikutakiwa kuwepo. Mwenye faili, kioo kiliandika, ni Fundi.

"Soma mwenyewe," Mwenyekiti alimwambia. "Wewe si ndiye husema tusome kioo kimeandika nini?"

Fundi alisogea, akafuta kibodi kwa kitambaa, watu wakaguna. "Hilo ni jina," alisema. "Aonyeshe namba."

Mchapaji akabonyeza anavyoelekezwa. Ikatoka elfu moja na tatu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Niliikumbuka ile faili niliyoiona kando ya ratiba ya binamu.

"Hapa Migori elfu moja na tatu ni mimi," Fundi alisema taratibu. "Lakini faili hii imeandikwa Homa Bay. Kule elfu moja na tatu si mimi. Daftari la namba liko kwenye meza yangu, na mashine ya kule iko, iulizwe."

"Daftari liliandikwa na nani?"

"Mimi."

"Basi," Mwenyekiti alisema. "Katibu, piga simu Homa Bay. Waambie wafungue hiyo mashine watuambie namba hiyo ni ya nani. Tusimwonee mtu."

Fundi alikuwa anajua. Mtu aliyeniita kwa namba hiyo kila asubuhi hawezi kuwa hakujua. Hakunitaja. Alinitazama tu, na uso wake ulikuwa mpole kuliko nilivyowahi kuuona.

Nilitoka nje na simu. Nilisimama kando ya tangi la maji. Nilitazama kuku wa mpishi wakichakura, nikahesabu pumzi zangu kama mtu anayepimwa na daktari. Sikubonyeza hata tarakimu moja. Nikarudi ndani, nikasema simu ya Homa Bay haipatikani.

"Na wewe kwa macho yako umeona jina gani?" Mwenyekiti aliuliza.

"La Fundi."

Hapo ndipo ile barua ilipoandikwa. Fundi aliondoka ofisini bila kubishana. Alipofika mlangoni alimgeukia mchapaji akamwambia, kwa sauti ile ile ya kila siku, kwamba diski isichomolewe kabla mashine haijaambiwa iiachie, itaharibika.

Nilipoulizwa baadaye kama Homa Bay walithibitisha kwamba namba ni ya Fundi, nilisema ndiyo. Hakuna aliyefuatilia. Yule mama aliondoka Rusinga akaenda kuishi kwa kaka zake, upande wa Ndhiwa, na huko akafariki. Walimzika huko huko. Mwanamke aliyeolewa, mwenye watoto, ambaye kwetu huzikwa kwa mumewe, amelala kwenye shamba la wazazi wake kama ambaye hakuwahi kuwa na boma lake. Nilikwenda mazishini nikaona kaburi lilivyochimbwa pembeni, karibu na ua, na niliporudi sikuweza kula kwa siku mbili.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mwenyekiti nikamwambia yote: binamu, ratiba, namba, tangi la maji.

"Jaduong', mzee wangu," alisema, "unataka nifanye nini? Mama amekufa. Nikisema katibu wangu alidanganya, kila kesi tuliyoshinda itafunguliwa. Nenda nyumbani upumzike."

Nilijiuzulu, nikaandika yote kwa mkono, kurasa tano, nikatia sahihi kila ukurasa. Nikaanza kumtafuta Fundi. Hakuna ofisi iliyokuwa imemchukua, kwa sababu kila alikoomba kazi walimpigia Mwenyekiti simu. Dereva wetu wa zamani ndiye aliyeniambia yuko Macalder, kwa wachimba dhahabu.

Nilimkuta karibu na mashine ya kusaga mawe, katika vumbi na kelele. Kina mama huleta mawe yao kwa magunia, na magunia yakichanganyika pale hutokea vita. Fundi alikuwa anayachora kwa rangi nyekundu, kila mwanamke na alama yake. Alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa inatetemeka, ile mitetemeko ya watu waliokaa sana na zebaki ya kusafishia dhahabu, na alama zake zilikuwa zimepinda, mchirizi wa rangi mpaka chini.

"Karibu, jaduong'," alisema, kama anavyokaribishwa mzee yeyote. Akaninyooshea ndoo nikalie.

Nilimpa zile kurasa. Alizisoma zote, akizikandamiza magotini ili zisitikisike. Alirudi ukurasa wa nne akasoma tena.

"Kwa hiyo simu hukupiga kabisa."

"Sikupiga."

"Mimi nilidhani ulipiga, wakakuambia, ukashindwa kurudi na jibu." Alikunja karatasi. "Ulipotoka nje nilianza kukuhurumia. Nilisema moyoni, maskini Katibu, atarudi aseme ni yeye, na hawa watu watamla. Nilikuwa natafuta namna ya kukutetea."

Nilimwambia twende pamoja kwa Mwenyekiti, au kwa wakili, au hata redioni, nitasema mwenyewe mbele ya watu.

"Na mimi nitafanya nini baada ya hapo?" Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu nione inavyocheza. "Hii itafuta kibodi?" Alicheka kidogo, peke yake. Kisha akauliza, "Yule mama amezikwa wapi?"

Nilimwambia.

Mwanamke mmoja akaja kuuliza gunia lake ni lipi, akamwonyesha bila kusimama. Mwanamke alipoondoka alinirudishia kurasa zangu.

"Umeandika vizuri. Kaa nazo. Ila usije tena hapa."

"Fundi, nimekuja kuomba..."

"Nimesikia ulichoomba. Sina hasira, jaduong'. Lakini ukija, hawa watu wataniuliza wewe ni nani kwangu, na nitalazimika kueleza. Nimechoka kueleza."

Akainuka, akachovya brashi kwenye rangi, akarudi kwenye magunia. Nilisubiri kidogo. Hakugeuka.

Nimepoteza kazi na heshima yangu ofisini, na hayo nayavumilia. Binamu yangu hatusalimiani. Lakini sahihi ile ilichukua kitu kingine. Rafiki yangu mkubwa kuliko wote yuko hai, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka kwangu, na siruhusiwi kwenda kumwona.